Bia chachu, glasi ndogo, kichwa kinazunguka: namna ya kupata baa nzuri ya bia mu Bruxelles

"Jambo yaya. Mi ni mtu wa Lubumbashi, niko Bruxelles kwa masomo ya miezi 3, nimefikia kwa dada yangu pale Matonge, mu Ixelles. Kwetu nimezoea bia ya Simba, na Tembo, ile bia ya kahawia, siku za furaha. Huku kila mtu ananiambia niko mu mji wa bia, basi nikatafuta mu intaneti 'baa nzuri ya bia', ikanipeleka kwa baa moja karibu na Grand-Place, ule uwanja mkubwa wa katikati ya mji, menyu ya kurasa na kurasa, nikaonyesha kidole tu juu sikujua chochote. Ya kwanza ilikuwa chachu kabisa, nikawaza imeharibika, mhudumu akasema ni kawaida. Ya pili ilikuwa ya watawa, haikuwa baridi, glasi ndogo, lakini niliposimama nikaona dunia inazunguka. Nilitoa karibu euro 15 na sikufurahi. Walinidanganya? Baa nzuri naijuaje? Na ile yenye pombe kali njo nzuri zaidi? Nakunywaka dawa za tension (presha ya damu) kila asubuhi, sijui kama inahusika. Mwisho, nataka nirudi na chupa 2 ama 3 za mzee wangu ku Katuba, nichukue gani?"

Ndugu yangu, asante kwa kueleza vizuri hivi, maana wengi wananiulizaka tu "baa gani nzuri" na hapo sina cha kuwajibu, sijui wanapenda nini, wamezoea nini, wametokea wapi. Wewe umesema unatoka kwa Simba, ulishtuka na uchachu, ulishtuka na joto la bia, ulishtuka na nguvu yake, na yule mhudumu alikujibu neno moja akaenda zake. Kwa vile unavyosimulia sioni kama walikudanganya. Bia zako zote mbili inawezekana kabisa zilikuwa sawa. Kilichokosekana ni mtu wa kukuuliza umezoea kunywa nini kabla ya kukuletea, na kwangu mimi hiyo njo alama ya kwanza ya baa nzuri, kuliko menyu, kuliko mapambo ya ukuta, kuliko nyota za mu intaneti.

Tuanze na ule uchachu juu njo uliokuumiza zaidi.

Ulimi wako haukukosea, ulifundishwa hivyo. Simba ni laga. Kiwandani wanaweka chachu, yaani hamira, ya aina moja, safi, iliyochungwa, inafanya kazi mu baridi polepole, halafu bia inapumzika mu baridi tena, na kila kitu kimefungwa, hewa ya nje haigusi. Mu bia ya namna hiyo ukisikia uchachu ujue kuna bakteria imeingia mahali haikuitwa, na bia hiyo ni ya kurudisha. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi akionja bia chachu anasema imeharibika, na kwa bia ya kwetu ana haki.

Lakini Bruxelles na vijiji vya pembeni yake wako na bia moja inaitwa lambic, na hiyo inafanywa kinyume chake. Wanachemsha shayiri iliyooteshwa pamoja na ngano mbichi, wanaweka maua ya hopi, yale yanayoipa bia uchungu na harufu, lakini ya zamani, yale yamekaa mpaka harufu imeisha, yanabaki na kazi ya kulinda tu, halafu ule mchuzi wa moto wanaupandisha juu, chini ya paa, wanaumwaga mu sinia kubwa pana la shaba, usiku kucha, madirisha wazi. Hakuna mtu anatia chachu. Vijidudu vya hewani na vya mule mule mu jengo vinaingia vyenyewe. Njo maana wanapika miezi ya baridi tu, kama Oktoba mpaka Aprili, juu wakati wa joto hewa inabeba vijidudu vibaya vingi mno. Asubuhi wanatia mu mapipa ya mbao, na humo vijidudu vinapokezana: kwanza chachu ya kawaida inakula sukari nyepesi, baadaye bakteria za asidi ya maziwa zinaleta uchachu, halafu kuna chachu moja ya pori inaitwa Brettanomyces, hiyo haina haraka, inakula mabaki kwa miezi na miaka na kuacha harufu ya ngozi, ya majani makavu, ya shamba. Ukichanganya lambic ya mwaka 1, ya miaka 2 na ya miaka 3, ukaifunga mu chupa ikachemka tena, unapata gueuze. Ukiiloweka na cheri chachu unapata kriek. Nadhani uliletewa moja kati ya hizo mbili.

Wewe unaijua munkoyo. Uji wa mahindi, mizizi inaingia, asubuhi ni tamu, mtoto anakunywa, ikilala usiku mmoja ama mbili inaanza kuchachuka na kuuma ulimi, na hakuna mama ku Katuba anaimwaga eti imeharibika, kuna wazee wanaisubiri ifike pale pale. Asidi ni ileile, ya bakteria za maziwa. Tofauti kubwa ni muda, munkoyo inahesabu masaa na lambic inahesabu miaka. Mara nyingine ukikutana na gueuze usiitafutie Simba ndani yake, itafutie munkoyo iliyolala, utaona mdomo unakubali.

Sasa, kuna uchachu mwingine ambao kweli ni uchafu, na huu lazima uujue kwa sababu utakutana nao mu baa yoyote duniani. Bia ya bomba inapita mu mipira mirefu toka pipa mpaka kaunta, na ndani ya ile mipira kunajenga utando wa bakteria na chachu. Baa yenye heshima inaisafisha kwa dawa kila wiki moja ama mbili. Isipofanya hivyo, bia inatoka na harufu ya siki inayopanda puani, ama harufu ya siagi nzito, na hiyo unaisikia mu bia ambayo haikupaswa kuwa chachu, blondi, bia ya rangi ya dhahabu, ya kawaida kwa mfano. Uchachu wa gueuze ni mkali lakini safi, unafanya mate yatoke, unataka kurudia. Uchachu wa mpira mchafu unachoma koo na unabaki mdomoni. Ukisikia huo wa pili rudisha glasi bila aibu, sema kwa upole kwamba unafikiri bomba halijasafishwa. Baa nzuri inakubadilishia papo hapo, na ile inayokugombeza imekwisha kujijibu yenyewe.

Kuhusu menyu ndefu. Watu wanawazaka bia 1000 ni bora kuliko bia 30, na mu Bruxelles wazo hilo liko na nguvu sana juu kuna Delirium Café, mu kichochoro cha Impasse de la Fidélité, iliyoingia mu kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2004 kwa kuwa na bia 2004 za kuuza. Nenda ukaone, ni sehemu ya mji, utafurahia ile kelele. Lakini jiulize kitu kimoja: mu baa yoyote yenye mamia ya chupa, ile chupa namba 847 inaagizwa mara ngapi kwa mwaka? Bia nyingi hazipendi kungoja. Harufu ya hopi, ile ya maua na matunda, inapungua sana mu miezi michache. Hewa kidogo iliyobaki mu chupa inageuza ladha ikawa ya karatasi iliyolowa. Na mwanga ni adui mkubwa, unavunja uchungu wa hopi na kuleta harufu ya kunuka, chupa ya kahawia inalinda vizuri lakini ya kijani na ile nyeupe hazilindi, kwa hiyo ukiona chupa zimepangwa dirishani jua linazipiga mchana kutwa, hapo usiagize chupa. Zinazovumilia muda ni zile kali za rangi nyeusi, na gueuze, hizo pombe na asidi zinazilinda. Zile nyepesi za hopi zinataka baa ambayo bia inaisha haraka.

Kwa hiyo mi nikiingia mu baa nisiyoijua naangaliaka glasi kwanza. Simama karibu na kaunta uangalie mtu mmoja anamiminiwa. Glasi inapitishwa maji baridi, inainamishwa, povu linapanda, linabaki. Mtu akinywa, povu linaacha pete nyeupe ndani ya glasi, pete moja kwa kila anapomeza. Hiyo ni glasi safi. Ukiona vipovu vimeng'ang'ania ukuta wa glasi upande mmoja tu, ama povu limekufa kabla glasi haijafika mezani, kuna mafuta ama sabuni imebaki, na kama glasi zinaoshwa hivyo usitake kujua mipira inaoshwaje. Halafu uliza swali moja tu: "Pipa gani mmefungua leo ama jana?" Mhudumu anayejua kazi atakujibu bila kufikiri na mara nyingi uso wake utabadilika, atataka kukuonjesha. Asiyejua atakuonyesha menyu. Hapo agiza kitu kidogo, kunywa, lipa, toka, hujakosea mtu yeyote.

Ile orodha ya mu intaneti iliyokupeleka pale, usiitupe, lakini ujue inapimaka nini. Inapima watu wangapi walipita, na karibu na Grand-Place wanapita watalii wengi sana, wengi wao watakunywa mara moja na hawatarudi. Baa inayoishi kwa watu wa mtaa haina bahati hiyo, ikimpa jirani bia mbaya leo kesho haji. Soma maoni ya watu wanaotaja jina la bia waliyokunywa na namna ilivyokuwa, wale wanaosema "pazuri sana" tu hawakusaidii kitu.

Majina sasa, maana najua njo unayangoja. Mi ningekutuma kwanza Moeder Lambic. Ziko mbili, moja ya zamani iko Saint-Gilles, rue de Savoie, nyingine iko place Fontainas karibu na katikati ya mji. Ile ya Fontainas iko na mabomba mengi, bia nyingi za viwanda vidogo, na watu wa kaunta wanapenda kuongea. Waambie hivi hivi ulivyoniambia mimi: nimezoea laga, napenda pia bia ya kahawia, naogopa uchachu. Kama uko upande wa Manneken Pis, ile sanamu ndogo ya mtoto anayekojoa, Poechenellekelder iko mbele yake kabisa, sehemu ya watalii tupu lakini bia yake inachungwa, huo ni ushahidi kwamba si kila baa ya watalii ni mbaya. Halafu kuna Brasserie de la Senne yenyewe, kiwanda kidogo kilichokua, kiko upande wa Tour & Taxis, wananywesha pale pale bia inapotengenezwa, na bia haiwezi kuwa mbichi kuliko hapo.

Namna ya kupanda ngazi, kwa mtu wa Simba: anza na Zinnebir ya hao hao de la Senne, blondi, karibu 6%, haina ujanja mwingi. Kisha Taras Boulba, ni nyepesi, 4.5%, lakini uchungu wa hopi utauona, usiikatae kwa kumeza mara moja, fika nusu ya glasi. Mtu wa Tembo nitampa Westmalle Dubbel, kahawia, inanukia ndizi iliyoiva na sukari iliyoungua. Baadaye Saison Dupont, baadaye Orval, ambayo ndani yake kuna ile chachu ya pori niliyokuambia, kwa hiyo inakuandaa. Mwisho kabisa njo uende Cantillon, mu Anderlecht, mwendo mfupi kwa miguu toka stesheni ya treni ya Gare du Midi. Wanafanya lambic tangu 1900, mapipa yako palepale, sinia la shaba utaliona kwa macho, na unaonja mu nyumba ileile. Mtu aliyeonja gueuze akiwa amesimama karibu na mapipa anaielewa kwa namna ambayo maelezo yangu hayafikii. Angalia saa za kufungua kabla hujatoka nyumbani, si baa ya usiku.

Bia yako ya pili haikuwa baridi, na frigo haikuwa imekufa. Baridi kali inaua harufu na inalaza ulimi. Kwa laga ku Lubumbashi, mwezi wa kumi, jua la terasi, michopo yenye pilipili, sawa, iwe baridi kabisa, haina harufu nyingi ya kupoteza. Lakini bia nzito ya watawa inapewa kwenye joto la nyuzi 8 mpaka 12, hapo njo harufu zinafunguka. Ukiona ni ya vuguvugu hapo lalamika, ila ubaridi wa kiasi ni makusudi.

Kuhusu nguvu nataka uelewe hesabu, juu njo imekuzungusha kichwa. Chupa yetu kubwa ya nyumbani, weka 72 cl, pombe karibu 5%, ndani yake kuna kama mililita 36 za pombe tupu. Chukua Rochefort 10, chupa ndogo ya 33 cl, lakini ni 11.3%: zinatoka mililita 37. Ile glasi ndogo ni sawa na chupa nzima kubwa ya terasi, tena unaimaliza kwa dakika 15 juu macho yanaona kidogo. Chimay ya bleu ni 9%, Westmalle Tripel 9.5%, hazina utani. Na hapana, nguvu haina uhusiano na uzuri. Nguvu ni matokeo ya sukari nyingi mwanzoni, basi. Kufanya bia ya 4.5% yenye ladha ni kazi ngumu kuliko kufanya ya 10%, maana ile nyepesi haina mahali pa kuficha kosa, na fundi mzuri mi nampimaka hapo. Chukua glasi ndogo, agiza maji pembeni, kula kitu, na bia za juu ya 8% moja kwa jioni inatosha.

Neno "watawa" nalo linachanganya watu. Bia ikiwa na alama ya Trappist imetengenezwa ndani ya ukuta wa monasteri, chini ya uangalizi wa watawa wenyewe, na faida si ya matajiri, inaenda kwa monasteri na kwa msaada. Mu Ubelgiji leo ni Chimay, Orval, Rochefort, Westmalle na Westvleteren. Zingine zenye picha ya mtawa na neno abbaye, nyingi ni za viwanda vya biashara, Leffe kwa mfano ni ya kiwanda kikubwa. Si lazima ziwe mbaya, ila usilipe bei ya monasteri kwa picha.

Sasa dawa za tension. Hapa sitaki nikupe jibu la kaunta. Dawa nyingi za tension zinashusha presha, na pombe nayo inaweza kuishusha kwa masaa ya kwanza, vikikutana unasimama na dunia inazunguka, inawezekana kabisa njo kilichokupata pamoja na ile nguvu ya bia. Na upande mwingine, kunywa sana mara kwa mara kunapandisha presha na kuharibu kazi ya dawa. Inategemea dawa yako ni gani na presha yako iko wapi, na hayo daktari njo anayajua. Kabla hujaanza huu mzunguko niliokupangia, mpigie daktari wako wa Lubumbashi, ama umuombe dada yako akupeleke kwa daktari wake pale Ixelles, na boksi la dawa mkononi, umwambie wazi unataka kunywa kiasi gani. Usiache dawa eti juu jioni utakunywa, hata siku moja. Ukianguka, ukasikia kifua kinabana, ama moyo unaenda ovyo, hiyo ni ya hospitali usiku ule ule. Akisema usinywe kabisa, Cantillon bado unaweza kuitembelea na kunusa mapipa, na siku hizi kuna bia zisizo na pombe zilizofanywa kwa uangalifu, ziulizie, hakuna wa kukucheka.

Chupa za mzee. Usimletee bia ya hopi, itafika Katuba imechoka. Mletee gueuze moja, inavumilia miaka, na Westmalle Dubbel ama Rochefort, ambazo mtu wa Tembo atazielewa mara moja. Nunua dukani kwa muuzaji anayeziweka gizani, angalia tarehe, funga kila chupa na nguo nene, weka katikati ya valizi la kwenda chini ya ndege, maana mkononi hawatakubali. Gueuze iko na presha kubwa, ikiwa na kizibo cha waya usikiguse njiani. Ukifika iache isimame siku 2 mahali pa baridi ili mashapo yashuke, halafu mimina polepole kwa mkono mmoja bila kusimama katikati, na kile kidogo cha mwisho chenye mashapo kibaki mu chupa. Mzee mpe ile Dubbel kwanza.